Joviana na Ukingo wa Shimo Jeusi

Watu wa Buganguzi watakuambia kwamba Joviana binti Mushumbusi alikuwa mwoga tangu tumboni mwa mama yake. Uongo mtupu! Hao hao wanaosema hivyo ndio waliojificha uvunguni mwa vitanda mwaka ule wa vita, wakatoka na utando wa buibui kichwani. Joviana aliogopa kwa sababu alikuwa na akili ya kuona mbali, na mtu wa kuona mbali asiyeogopa katika miaka ile, hapa kwetu Kagera, angekuwa na kasoro. Ila hofu yake ilimfanyia jambo moja baya sana, na hilo sitalificha.

Alizaliwa kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Masista walipogundua kwamba anapiga hesabu kuliko wao, walimsukuma mpaka akafika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Alikwenda huko pamoja na Damayanti, binti wa Umedbhai mwenye duka la vitambaa Bukoba mjini. Walikuwa wamesoma darasa moja tangu sekondari, Joviana mrefu mpole, Damayanti mfupi mwenye mdomo. Huko chuoni mhadhiri fulani aliwatupia swali moja akaenda zake. Wenzao wakalisahau kabla ya chakula cha mchana. Hawa wawili likawaganda.

Swali lenyewe ni hili. Mwaka 1933 mwanahisabati aitwaye McVittie aliandika kipimo, yaani kanuni ya kukuambia umbali uliopo kati ya tukio na tukio, mahali na wakati vikiwa vimefumwa kitu kimoja. Kipimo chake kinaeleza kitu kizito kilichokaa katikati ya ulimwengu unaotanuka. Ukikitazama kwa karibu, unaona shimo jeusi, lile ambalo hata mwanga ukiingia hautoki. Ukikitazama kwa mbali, unaona ulimwengu unajitanua, nyota na nyota zikiachana. Lakini pale ukingoni, ambapo ndipo mdomo wa shimo ungetakiwa kuwa, hesabu inaanza kuumwa. Mgandamizo unapanda, unapanda, haujui kusimama. Sasa je, hilo ni shimo jeusi kweli ndani ya ulimwengu unaotanuka, shimo lenye mdomo ambao mtu anaweza kuuvuka? Au ni mahali palipoharibika tu, hapavukiki, hapana ndani wala nje? Wakubwa wa fani hiyo walikuwa wakibishana, huyu ndiyo, huyu hapana.

Utasema, hayo yanamhusu nini mwalimu wa sekondari wa Bukoba? Subiri.

Vita na Uganda vilipoanza mwaka 1978, wote wawili walikuwa wamesharudi nyumbani, Joviana akifundisha, Damayanti akimsaidia baba yake dukani kwa kuwa kaka zake walikuwa wameshahama nchi. Mchana mmoja Joviana alikuwa amekwenda kununua kitambaa cha gauni ndege zikaja. Jamani, sauti ile! Mpaka leo kuna wazee wa mtaa wa Bakoba wakisikia ndege hunyamaza katikati ya neno. Umedbhai alikuwa amechimba handaki nyuma ya duka, na wasichana wale wakarukia humo, wakakaa magoti yamegusana, udongo ukiwamwagikia kwenye nywele.

"Jovi, nisomee kipimo," Damayanti akasema, meno yakigongana.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla sijapiga kelele mpaka Waganda wanisikie."

Joviana akakisoma kwa moyo, kipande kwa kipande, kama mtu anayesali rozari. Bomu likaanguka upande wa ziwani, ardhi ikaruka. Damayanti akamshika mkono. "Haya, mtu akivuka ule ukingo wa shimo, anasikia nini?"

"Hasikii kitu. Shimo likiwa kubwa, anapita kama anavyopita barabarani. Hakuna kibao wala mlio. Hata vyombo vyake havimwambii. Ili ujue kwa hakika kwamba ukingo ulikuwa hapa, sharti uwe umeona mambo yote mpaka mwisho wa wakati."

"Mungu wangu, Jovi! Ungeninyamazia tu."

Wakacheka kicheko cha watu wanaotaka kulia. Ndege zikaondoka, wakatoka wazima, na Umedbhai akawapa chai yenye sukari tele. Lakini yale maneno aliyoyasema mwenyewe mle handakini yalimwingia Joviana. Mtu anavuka, na hasikii kitu. Kwa miaka mingi baadaye yalikuwa yakimjia ghafla akiwa ameshika chaki.

Vita vikaisha, akaolewa na Mwijage. Mwijage alikuwa mtu wa furaha, mfanyabiashara wa kwenda Uganda na kurudi na redio, mashati, sabuni za kunukia. Akiingia nyumbani kwao Kitendaguro nyumba inajaa kicheko. Mwaka 1984 wakapata binti, wakamwita Kemilembe. Kisha ule ugonjwa ukaanza kuwapukutisha wafanyabiashara wale, mmoja mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyejua jina lake, watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa mpakani siku hizo. Wapo waliosema ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa. Mwijage alicheka habari hizo mpaka alipoanza kukonda yeye. Akafa mwaka 1986, akazikwa kibanjani kwao, na ndugu zake wawili wakamfuata kabla nyasi za kaburi lake hazijashika.

Basi hapo Joviana akaogopa hofu ambayo ya handaki ilikuwa mchezo wa watoto. Alilala na mume yule miaka yote. Amevuka au hajavuka? Akijipapasa shingo, akijitazama ulimi kwenye kioo, akihesabu mbavu zake. Akawa hali. Chakula kikimfika mdomoni kinageuka udongo. Asiyekula hukonda, hilo halihitaji shahada, lakini yeye alipojiona anakonda alisema, ndiyo hiyo, imeanza. Kikohozi cha chaki alichokuwa nacho tangu ujana kikawa ushahidi. Nywele zikakatika kwa mawazo, zikawa ushahidi.

Majirani nao hawakuwa na dogo. Kwetu mgeni akiingia hukaribishwa kwa kahawa kavu ya kutafuna, unampa kwenye kijikapu, anatupa punje mdomoni, ndipo mazungumzo yanaanza. Joviana aliwaona wageni wake wakichukua punje, wakishukuru "kasinge waitu" kwa adabu zote, halafu wakizitia mfukoni. Hakuna aliyetafuna. Lisemwalo lipo, wakanong'ona, na kama halipo laja.

Kupima kulikuwa kumeanza hospitalini mjini, na Klaudia, dada yake mdogo, mwanamke wa jembe asiyejua kuzunguka maneno, alimwambia waziwazi: "Dada, nenda ukapimwe ujue moja."

"Nikajue nini, Klaudia? Nikiambiwa ninayo, nitakufa siku hiyo hiyo kwa woga. Niache nife polepole."

"Mficha maradhi, kilio kitamuumbua."

"Acha kiniumbue."

Na jioni, akishasahihisha madaftari ya wanafunzi, alikaa na lile swali la zamani. Sasa alikuwa analifanyia kazi kwa bidii ya kutisha, na nitakuambia kwa nini. Alitaka lisiwe shimo. Alitaka ule ukingo usivukike, pawe mahali pabovu tu pa hesabu, ili iwepo hata kanuni moja duniani ambayo ndani yake mtu hawezi kuvuka asijue. Nani atamcheka? Mtu anayezama hushika hata unyasi.

Kemilembe alikuwa akikaa miguuni pake. Siku moja akauliza, "Mama, unaandika nini?"

"Kuna shimo huko juu. Mtu akipita mdomo wake hasikii kitu, hajikwai, haumii. Lakini hatoki tena."

"Hata akiitwa?"

"Hata akiitwa."

Mtoto akafikiri sana, kisha akaenda kucheza. Joviana aliyasahau mazungumzo hayo kabla hajafunga kalamu. Mtoto hakuyasahau.

Nafika sasa kwenye lile jambo baya. Joviana alikuwa ameona yatima wengi darasani, watoto wanaotazama dirishani mchana kutwa. Akasema, wa kwangu hatakuwa hivyo, wa kwangu nitamzoeza mapema. Ndugu wa Mwijage walikuwa wamekwisha, wa kumlea angebaki Klaudia. Kwa hiyo akaomba uhamisho, akaenda kufundisha shule ya huko Muleba, akarudi Buganguzi kwenye nyumba ya marehemu wazazi wao alimoishi Klaudia, akachukua chumba cha nyuma. Siku ya kwanza tu akamkalisha binti yake kwenye mkeka.

"Kuanzia leo mama yako ni Klaudia. Ukiumwa, umwite yeye. Ukiota vibaya, umwite yeye."

"Na wewe?"

"Mimi niite Mwalimu, kama wenzako wanavyoniita."

Kemilembe alicheka, akidhani ni mchezo. Alipomwita "mama" jioni ile, Joviana hakuitika. Asubuhi hakuitika. Mtoto alilia, akajigaragaza kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, na mama yake akasimama akitazama ukuta, kucha zimemzama viganjani. Baada ya muda mtoto aliacha kulia. Watoto huzoea, ndilo jambo la kutisha zaidi kwao. Joviana akamnunulia mtoto sahani yake na kikombe chake, akamfundisha kuviweka mbali na vya mama yake. Akamwonyesha kizingiti cha chumba cha nyuma: "Hapa usipite. Ukiwa na shida simama hapo hapo useme." Na alijua, tena vizuri sana, kwamba ugonjwa ule hauambukizi kwa sahani wala kwa kupita mlangoni. Aliwafundisha hivyo wanafunzi wake. Lakini hofu haisomi.

Klaudia alimgombeza mpaka akachoka. "Wewe unamfanya mtoto yatima na wewe unapumua! Mawe, mama wee! Nimeona mengi, hili sijaliona." Kisha, kwa kuwa mtoto lazima aitikiwe na mtu, akawa anaitika yeye. Kemilembe akiita "mama" kutoka migombani, Klaudia anaitika "abee", na Joviana chumbani anaziba masikio.

Ikapita miaka. Joviana akikonda, akikohoa, lakini hafi. Hilo nalo likamtisha. Kila msimu wa senene alisema huu ni wa mwisho, na msimu ukapita.

Mwaka 1991 zikaja habari kwamba Damayanti anafunga duka. Umedbhai alikuwa ameshafariki, na yeye alikuwa anawafuata kaka zake. Joviana akapanda lori la ndizi kwenda Bukoba kumuaga, kazi yake ikiwa imekunjwa ndani ya khanga. Alikuwa ameimaliza. Alikuwa amethibitisha, ukurasa kwa ukurasa, kwamba kipimo kile hakielezi shimo jeusi.

Damayanti alipomwona aliweka mkasi chini. "Jovi. Umekuwa mti wa kuanikia nguo."

"Mimi naondoka, Dama. Nimekuja kukuachia hii."

"Mimi ndiye ninayeondoka, tafadhali tusinyang'anyane." Akavaa miwani, akasoma pale pale kwenye kaunta tupu, kidole kikitembea mstari kwa mstari. Nje watu walikuwa wakipita, wengine wakichungulia kama kuna kitambaa cha bei ya kufunga duka. Joviana alisimama amejishika kifua. Kidole kikasimama.

"Hapa. Umeandika kwamba kasi ya kutanuka inapungua mpaka inakuwa sifuri."

"Ndiyo."

"Nani kakuambia?"

"Kila mtu anaandika hivyo, Dama."

"Sikuulizi kila mtu. Ikibaki kidogo je? Ulimwengu ukiendelea kutanuka kwa kasi ndogo isiyokwisha kabisa?"

 Damayanti akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, wakaanza kuandika juu ya kaunta, wakisukumana viwiko kama zamani. Kasi ikibaki, hata kidogo namna gani, ugonjwa wa ule ukingo unapona. Mgandamizo hautibuki kwa yule anayevuka. Mdomo unakuwa safi, unavukika, na kile ni shimo jeusi kweli. Kasi ikifa kabisa, ukingo unabaki mbovu. Kwa kuwa mdomo wenyewe uko mwisho kabisa wa wakati, jibu lote linategemea huo mwisho utakavyokuwa.

"Hesabu yako haina kosa," Damayanti akasema. "Ila jibu umelitia mwanzoni. Umeamua mwisho utakuwaje, halafu ukahesabu kurudi nyuma, ukashangaa kuukuta."

Joviana akatazama kaunta ile iliyojaa chaki. Akakaa kwenye gunia. Maana alikuwa amejiona. Kukonda, kukohoa, nywele, zile punje za kahawa mifukoni mwa wageni: vyote alivisoma kutoka mwishoni, mwisho ambao hakuna aliyemwambia. Akakumbuka mtoto anajigaragaza kwenye nyasi.

"Dama," akasema, "nimefanya kitu kibaya. Nipeleke hospitali kabla sijaghairi."

Damayanti akaweka chaki chini. Akafunga duka mchana kweupe.

Sitakupitisha kwenye zile siku za kusubiri jibu. Alilala kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vitambaa, na alitetemeka kitanda kikagonga ukuta. Damayanti alimpikia dengu, akakaa kumtazama mpaka ameze. Siku ya jibu mikono ilimtoka jasho hata akashindwa kushika kitasa, na muuguzi akamfungulia. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, aliyechoka kuwaambia watu habari. Akasema: "Mwalimu, hatujaona virusi. Tulirudia kupima. Huna."

"Rudia tena."

"Nimesharudia, mwanangu. Huna. Kinachokuua wewe ni njaa."

Unadhani alifurahi? Alitoka pale akiogopa kuliko alivyoingia. Kwenye benchi la nje watu waliinua macho kumsoma uso, naye akainamisha kichwa ili asiwaumize. Damayanti alimkumbatia barabarani, akalia kwa niaba ya wote wawili. Katika lori la kurudi Muleba, Joviana alishika chuma kwa mikono miwili, na wazo moja tu lilikuwa likimzunguka: mtoto. Nitamwambia nini? Amekuwa wa Klaudia. Nilimpa mwenyewe.

Akafika jua likiwa bado liko juu. Klaudia alikuwa jikoni nyuma akimenya ndizi, nyingine zikiwa motoni. Joviana hakumwendea. Alikwepa, woga ule ule, akaingia chumbani kwake, akakaa kitandani na mavumbi ya safari. Baada ya kitambo Kemilembe akatokea, miaka saba, miguu mirefu kama ya baba yake, ameshika sahani yake mkononi. Akasimama kwenye kizingiti, vidole vya miguu vimepangana sawasawa na ubao wake.

"Shikamoo, Mwalimu. Umerudi."

"Marahaba. Njoo ndani, mwanangu."

Mtoto hakusogea. Akatazama chini penye ubao, akatazama nyuma yake.

"Pita tu. Siumwi. Nimepimwa, siumwi. Mimi ni mama yako, nilikosea, pita."

"Nikipita nitatoka?"

"Kwa nini usitoke?" Joviana akauliza.

"Ulisema mtu akipita hasikii kitu, lakini hatoki. Hata akiitwa." Sauti ya mtoto ilikuwa inatetemeka, lakini alisema taratibu, kama anayesoma somo alilolikariri miaka. "Wewe uliingia humu ukaacha kuitika. Nilikuita sana."

Kumbe mtoto wa watu alikuwa amelijibu swali kwa namna yake. Miaka yote ile hakudhani mama yake anaumwa. Alidhani ameshavuka.

Joviana akasimama. "Niite sasa," akasema. "Niite, uone kama sitoki."

"Mwalimu."

"Siyo hivyo. Lile la zamani."

  Kemilembe akajaza kifua, akapiga ukelele ambao ulifika migombani:

"Mama!"

"Abee!" ikaitika sauti ya Klaudia kutoka jikoni, na Klaudia mwenyewe akaja mbio, kisu mkononi, utomvu wa ndizi umemchafua vidole. Akamkuta dada yake mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja umeshakanyaga kizingiti, umesimama hapo. Joviana hakuweza kuurudisha wala kuupeleka. Hakuogopa hivyo handakini, wala mbele ya muuguzi.

"Umeniita, mwanangu?" Klaudia akauliza.

Mtoto akatazama huku, akatazama kule. Akamnyooshea Joviana kidole.

"Sikukuita wewe, mama. Nilikuwa namwita huyu atoke."

Klaudia akateremsha kisu. Akamtazama dada yake usoni, akaelewa jibu la hospitali bila kuambiwa, na machozi yakamtoka, ya furaha na ya hasara, mimi nisingejua kuyatenganisha. "Basi mwache atoke," akasema. "Ndizi zinaungua." Akarudi jikoni.

Joviana akavuka. Akaenda mpaka kwenye mkeka wa sebuleni, akakaa, akapigapiga mahali kando yake. Kemilembe akaja, akakaa. Kisha akaisogeza sahani yake mbali kidogo na mama yake, kama alivyofundishwa.